Tule Wapi Mjini?

Ndugu msomaji, mtu atokaye shamba au mji mwingine kuja Dar es Salaam huuliza mambo matatu kabla ya mengine yote: atalala wapi, ataswali wapi, na atakula wapi. La kwanza hujibiwa na jamaa zake. La pili hujibiwa na minara, kwani katikati ya mji adhana haiko mbali nawe popote ulipo. La tatu ndilo watu hulijibu kwa mzaha, wakisema, "Dar es Salaam chakula tele." Na kweli ni tele. Lakini wingi wa chakula si jawabu kwa mtu aliyeamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri, wala si jawabu kwa baba mwenye watoto wanne na fedha za kuhesabu.

Zamani wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza sana swali hili. Hoteli, kwa maana ya nyumba ya kuuzia chai na wali, ilikuwa ya mhamali, baharia, kapera na msafiri. Mtu mwenye mke akionekana amekaa hotelini saa ya chakula cha mchana, majirani waliulizana kama nyumbani kwake kuna ugomvi. Leo mji umetanuka, kazi iko mbali na nyumba, na wengi wetu hula nje angalau mara moja kila siku. Basi jambo lililokuwa la watu wachache limekuwa la jamii nzima, na yatupasa kulizungumza kwa uzito wake. Mimi mwenyewe nalikuwa nikila ovyo miaka mingi bila ya kufikiri, mpaka mwaka 2023 mama yangu mzazi aliponifundisha.

Mama alitoka Kilwa Kivinje kuja kutolewa mtoto wa jicho. Mke wangu alikuwa kwao Tanga kwa uzazi, nami nilikuwa peke yangu katika chumba changu Ilala, mpishi wa chai na mayai tu. Mama alifanyiwa kazi jicho moja siku ya Jumatano, na mganga akamkataza kuinama na kukaa penye moshi. Basi jiko likawa haramu kwake kwa siku zile. Nami nikasema moyoni: taabu gani? Nitampeleka nje.

Nilikuwa sijui kwamba mama, katika umri wake wote wa miaka sabini na kitu, hakuwahi kukaa kula mahali pa kuuzia chakula. Safarini alichukua mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga ndani ya kikapu. Harusini na matangani alikula, kwa kuwa aliwajua waliopika. Chakula cha kununua kwa mtu asiyemjua kilimtia shaka, na shaka yake haikuwa kiburi.

Siku ya Alhamisi nilimchukua mpaka upande wa Posta, katika mkahawa mmoja mzuri wenye vioo na feni, maana nilitaka kumheshimu. Kijana wa pale akaja na karatasi ya vyakula. Mama akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, kuku hawa wamechinjwa na nani?" Kijana akacheka, akatazama wenzake, akasema, "Bibi, kuku ni kuku." Mama hakusema neno tena. Chakula kilipoletwa alikunywa maji, akala vipande viwili vya tikiti, akanywa maji tena. Mimi nililipa fedha nyingi kwa sahani iliyorudi jikoni ilivyokuja. Tulipokuwa njiani aliniambia, "Sikumkasirikia. Lakini mtu asiyetaka kuulizwa habari ya chakula chake, mimi nitamwaminije tumbo langu?"

Ijumaa jirani alituletea pilau, Mungu amlipe kheri. Lakini jirani naye ana watoto, na mama alibakiwa na siku tano mjini. Nikaona haya. Mwana aliyekaa mjini miaka kumi na mbili hakuweza kumpatia mama yake sahani ya wali aliyokuwa radhi nayo.

Ili msomaji asiyeujua mji aone tulivyokwenda, yafaa nieleze umbo lake. Dar es Salaam iliasisiwa na Sayyid Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani walipoutwaa walitoa sheria ya majenzi mwaka 1891, iliyoanza kuugawa mji kwa namna ya nyumba, na kwa hiyo kwa namna ya watu. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Kariakoo kwa Waafrika. Baina ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja mtupu, nao ndio Mnazi Mmoja. Mgawanyo huo ulifika hata mezani. Katika hoteli kubwa za ufukweni, kwa desturi ya siku zile, Mwafrika aliingia kwa kubeba sinia, wala si kwa kuandaliwa. Pale Mnazi Mmoja pana ukumbi ambao wenyeji huuita Anatoglo. Jina hilo ni la George Arnautoglu, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, aliyetoa fedha ukajengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 uwe mahali pa Waafrika kukutana. Leo mtu huvuka Mnazi Mmoja kwa dakika chache bila ya kujua kuwa anavuka mpaka. Lakini bado vyakula vya pande zile mbili vina tabia mbalimbali, na mgeni atafaidika akizijua.

Tuanze na Kariakoo, kwani huko ndiko mji huamkia. Jina lenyewe ni ukumbusho wa mateso: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, ambao kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifanya neno hilo Kariakoo. Baada ya vita, mwaka 1923, palifanywa soko. Jengo kubwa la soko lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, lenye paa zilizosimama kama miavuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Tarehe 10 Julai 2021 liliungua kwa moto, na mwaka 2023 tulipopita mimi na mama mafundi walikuwa bado kazini wakilitengeneza upya.

Soko lilifungwa, lakini walaji hawakuondoka. Alfajiri, mara baada ya swala, katika mitaa ya Msimbazi, Swahili, Congo na Sikukuu, utaona moshi wa mkaa na masufuria ya supu. Iko supu ya nyama, ya utumbo, ya makongoro na ya kuku, nayo huliwa kwa chapati, ndimu na pilipili. Asiyetaka supu atapata chai ya rangi yenye tangawizi, pamoja na maandazi, vitumbua au muhogo wa kuchemsha. Wenye kahawa hupita na mabirika yao ya shaba juu ya makaa, na kikombe kidogo cha kahawa chungu kwa kipande cha kashata ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote mjini. Adhuhuri ikikaribia, mama lishe huanza kufunua: wali kwa maharage ya nazi, wali kwa samaki, ugali kwa dagaa, ndizi kwa nyama, na mboga za matembele, mchicha na kisamvu. Jioni huja mishkaki, mihogo ya kukaanga na kachumbari, na supu ya pweza inayosifiwa na vijana kwa sababu ambazo gazeti la nyumbani si mahali pa kuzieleza.

Jumamosi hiyo, yapata saa sita mchana, tuliingia uchochoro mmoja karibu na Mtaa wa Sikukuu. Palikuwa na mama lishe mmoja mwenye benchi mbili na meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki. Alipomwona mama na kitambaa jichoni alisimama, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akauliza swali lake lile lile. Nami nikatazama chini.

Yule mama lishe akaweka upawa, akajifuta mikono. "Una haki kuuliza, mama. Nyama yatoka Vingunguti, machinjioni, na mchinjaji ni Mwislamu. Mwenye bucha ni yule pale ng'ambo mwenye kofia. Nikuitie umwulize mwenyewe?" Mama akasema haina haja. Ndipo mwanamke yule akafunua masufuria yake moja baada ya moja: "Haya maharage ya nazi. Huu mchuzi wa nyama. Haya matembele. Mchele ni wa Kyela. Maji ya kunawa haya, ya moto, na sabuni hii." Mama alinawa, akataja jina la Mungu, akala sahani nzima ya wali na maharage. Nililipa shilingi elfu mbili. Huko Posta nililipa mara nyingi zaidi ya hizo, na mama yangu akalala na njaa.

Tulipoinuka mama alisema, "Kesho tutakuja tena, inshallah." Mama lishe akajibu, "Kesho Jumapili, mama, sifungui. Nakwenda kanisani. Keshokutwa karibuni sana."

Mama alinyamaza. Tulitembea mpaka Mnazi Mmoja bila ya neno. Nilidhani taabu yangu imeanza upya, na usiku nikalala nikihesabu nani mwingine wa kumwomba. Baada ya swala ya alfajiri ndipo alipozungumza: "Mimi sikumwuliza dini yake. Niliuliza nyama. Akanijibu nililouliza, na ambalo sikuuliza hakulificha. Huyo wa Posta, sijui jina lake wala dini yake, lakini alinificha."

Hapa nasimama kidogo, ndugu msomaji, kwani najua wako watakaoshtuka. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida ametuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, nasi tumekatazwa nguruwe, mfu, damu, na kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mungu. Mpaka umewekwa wazi, na lililo wazi twalihifadhi kwa kuuliza, si kwa kudhania. Dhana mbaya juu ya mtu mwema ni dhambi. Na dhana njema juu ya sufuria usiyoijua ni uvivu. Siku ya Jumatatu mama alirudi uchochoroni, akamwita mwanamke yule pembeni, akamwuliza kwa adabu kama katika masufuria yale kumewahi kupikwa nguruwe au kutiwa pombe. Yule akajibu, "Hapana, mama, hata siku moja. Wateja wangu nusu yao ni Waislamu. Ningewatazamaje?" Mama akakaa, akaomba wali.

Lakini nisiiruke Jumapili, maana siku ile tulivuka Mnazi Mmoja kwenda upande wa Uhindini, nao una faida zake. Mitaa ya Kisutu, Kitumbini, Jamhuri, Indira Gandhi, Zanaki na Libya imekaliwa kwa vizazi vingi na watu wenye asili ya Bara Hindi na ya Arabuni: Masunni, Maithnaashari, Mabohora, Maismaili, na Mabaniani. Mchana hapo mtu hupata biriani, sambusa, kababu, bhajia za dengu na kachori. Kwa Mabaniani wasiokula nyama, Mwislamu aweza kula mboga na dengu bila ya hofu ya nyama, kwa kuwa haimo. Jioni, baada ya Magharibi, majiko hutolewa kando ya njia. Pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Mtaa wa Libya, mahali palipojulikana kwa jina la Mamboz, tulikuta moshi wa kuku wa kuchoma umetanda mpaka njia ya mabasi ya mwendokasi, na jamaa wa kila rangi wameketi katika viti vya plastiki: baba, mama wenye mitandio, watoto wanaopigania kitunguu. Kituo cha mwendokasi cha Kisutu kiko karibu, basi mgeni hana haja ya teksi.

Mama alitazama watu wale kwa jicho lake moja zima, akaniambia, "Zamani Mhindi na Mswahili hawakukaa kula pamoja hivi." Kisha akamwendea mchomaji, akauliza swali lake. Mchomaji akajibu bila ya kuinua macho katika makaa, "Halali, mama, nachinjisha mwenyewe." Alikula paja moja, akanywa sharubati ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Njiani akasema kuku ni mzuri lakini chumvi imezidi. Nikafurahi, kwani mtu anayelalamikia chumvi amekwisha acha kulalamikia mengine.

Mwenye kupenda samaki na afike Feri, penye soko la samaki lililofunguliwa mwaka 2002 kwa msaada wa Japani. Huko mtu hununua changu, kibua au jodari aliyevuliwa usiku, kisha wako wakaangaji wanaomkaangia papo hapo kwa ujira mdogo. Aende asubuhi, naye achague samaki mwenye macho maangavu na matamvua mekundu.

Na msafiri atakayekuwa mjini mwezi wa Ramadhani ajue kuwa sehemu nyingi za chakula katika mitaa hii hufungwa mchana au huteremsha mapazia. Lakini tangu Alasiri Kariakoo hufurika vya kufuturia: tende, uji wa pilipili manga, magimbi na mihogo ya nazi, tambi, kaimati na vibibi. Mwenye kuswali Magharibi misikitini, kama Msikiti wa Manyema au wa Kitumbini, mara nyingi hukuta tende na maji vimeandaliwa kwa ajili ya kila mpita njia.

Vijana wasidharau kazi hii ya kupika na kuuza. Said Salim Bakhresa, ambaye unga wake leo hupikiwa chapati nchi nzima, alianza na mkahawa mdogo hapa Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Na mama lishe wangapi wamesomesha watoto kwa upawa!

Sasa niseme tulitazame nini tunapochagua mahali pa kula, kama nilivyojifunza katika siku zile.

Kwanza, tuulize. Kuuliza habari ya chakula si ushamba wala si ufidhuli, ni haki ya mlaji na wajibu wa Mwislamu. Lakini tuulize kwa salamu na kwa sauti ya upole, kama mtu aulizaye jamaa yake.

Pili, tumtazame anayejibu. Anayefunua sufuria ana hakika ya kilichomo. Anayecheka au kukasirika, tumshukuru na kwenda zetu.

Tatu, tutazame maji na sabuni kabla ya kutazama meza na viti. Kitambaa cha plastiki kilichofutwa ni bora kuliko marumaru yenye inzi.

Nne, tukae penye watu wengi saa ya kula. Chakula kinachokwisha mapema hakilali.

Tano, tusiache adabu zetu mlangoni. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kijana aliyelelewa nyumbani mwake ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kuume, na ale kilicho karibu naye. Hakusema kuwa hayo ni ya nyumbani tu. Na kuagiza sahani tatu ili kuonekana, kisha kubakiza mbili, ni israfu, hata kama fedha ni zako.

Nanyi wauzaji mnaosoma maneno haya, msimwone mzee anayewauliza kuwa anawatukana. Anatafuta njia ya kuwaamini.

Siku ya Jumanne nilitoka kazini mapema nikamfuata mama uchochoroni, maana jirani alikuwa amempeleka. Nilimkuta ameketi katika benchi, mgongo umenyooka kama mganga alivyoagiza, ungo uko magotini, akichambua mchele kwa jicho moja na vidole vyake. Mama lishe alikuwa akihudumia watu, akipita humwambia, "Mama pumzika," naye hujibu, "Na wewe uliyesimama tangu alfajiri, umepumzika lini?" Wateja walidhani ni mama yake mzazi. Hakuna aliyewasahihisha.

Jumatano asubuhi nilimsindikiza kwenye basi la Kilwa. Kikapuni mwake, safari hii, hapakuwa na mikate ya kumimina. Palikuwa na wali na samaki wa kukaanga ndani ya chombo chenye kifuniko, aliofungiwa na mama lishe, ambaye alikataa fedha. Mama alinishika mkono dirishani, akaniambia, "Chombo hiki ni cha watu. Nitakirudisha mimi mwenyewe nikija kwa jicho la pili. Nawe mwanangu usiwe unampita bila ya salamu."

Simpiti bila ya salamu. Na Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na watu wa kula nao kwa amani. Amin.